Kibali Kabla ya Kupaua: Mazungumzo na Wakazi wa Ngarenaro Kuhusu Kubadilisha Paa la Nyumba



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila mwenye nyumba hukutana nalo angalau mara moja katika umri wake. Paa lililomsitiri kwa miaka mingi huchoka, na halina budi kuondolewa na kuwekwa jingine. Siku hiyo mwenye nyumba hufikiri kwanza juu ya bei ya bati, kisha juu ya fundi, na mara chache sana juu ya kibali. Sisi tunaomba mpangilio huo ugeuzwe. Kibali kitangulie, fundi afuate, na fedha za bati zitoke mwisho.

Hatukuja kumtisha mtu wala kumwongezea mzigo. Tumekuja kwa sababu hasara tunayotaka kuwaepusha huwaangukia watu wale wale ambao hawana nafasi ya kuibeba: mjane aliyeuza shamba ili aezeke upya, mstaafu aliyetoa kiinua mgongo chake chote, familia iliyokopa katika kikundi. Paa likiwa limekwisha kufumuliwa, mbao zimelundikwa uani, na mara inaletwa ilani ya kusitisha ujenzi, hakuna wa kumrudishia mtu huyo siku zake wala fedha zake. Naye anabaki na nyumba iliyo wazi, mawingu yakijikusanya juu ya Mlima Meru.

Paa la mmoja ni jambo la wengi

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: nyumba ni yangu, kuta ni zangu, kwa nini Halmashauri ihusike na bati ninalolala chini yake?

Jibu la kwanza ni maji. Kata hii imechukua jina lake katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi, na mto wenye jina hilo hilo unapita katika makazi yetu. Mkazi wa hapa hahitaji kufundishwa nguvu ya masika. Lakini hesabu ni vizuri ikajulikana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo mvua ya milimita 20 juu ya paa lenye mita za mraba 100 ni lita 2,000 zinazotafuta pa kwenda kwa wakati mmoja. Nyumba zetu zimesogeleana. Ukibadilisha mteremko wa paa, au ukirefusha ukingo wake kwa kadiri ya mkono mmoja, maji yaliyokuwa yakishukia uani kwako yanaweza kuanza kushukia msingi wa jirani, ambaye hakuulizwa.

Jibu la pili ni uzito. Bati jembamba la kawaida lina uzito wa takriban kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Vigae vya saruji hufikia kilo 40 na zaidi kwa eneo hilo hilo. Chukueni nyumba yenye paa la mita za mraba 120. Chini ya bati, kuta zake zimekuwa zikibeba kilo 360 au karibu na hapo, mbao mbali. Chini ya vigae zitatakiwa kubeba tani 4.8. Kuta zilizojengwa na wazee wetu kwa tofali za udongo, au kwa tofali za saruji zisizokuwa na lenta inayozunguka nyumba nzima, hazikupangiwa mzigo huo. Ukuta haulalamiki siku ya kwanza. Huanza na ufa mwembamba juu ya dirisha, nao mwenye nyumba huupaka rangi.

Ndivyo ilivyo pia kwa paa la kuficha, ambalo siku hizi limependwa sana mijini. Uzuri wake unatokana na ukuta unaopandishwa juu ili kuficha bati. Ukuta huo ni mzigo mpya juu ya ukuta wa zamani, na mteremko mdogo ulio nyuma yake hudai mifereji iliyopimwa vizuri. Mfereji ukiziba kwa majani, maji hayamwagiki nje kama zamani. Huingia ndani, juu ya dari na nyaya za umeme.

Jibu la tatu ni usalama wa wote. Nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa majengo kuanguka. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na kwa mara nyingine taifa likazika wafanyabiashara na wanunuzi waliokuwa katika shughuli zao za halali. Nyumba ya vyumba sita ya Ngarenaro hailingani na majengo hayo. Hata hivyo kanuni haibadiliki: mzigo ulio juu hauna budi kujulikana na kukubaliwa na kilicho chini yake, na mtu mwenye ujuzi autazame kabla haujapandishwa.

Kwa sababu hizo sheria imeweka utaratibu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 zimeziweka shughuli za uendelezaji mijini chini ya usimamizi wa mamlaka ya upangaji. Kwetu sisi mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Arusha. Kibali cha ujenzi ni idhini yake ya maandishi. Neno la mdomo si kibali, hata likitoka kwa mtu mwenye cheo, na stakabadhi ya kupokea maombi si kibali.

Matengenezo na mabadiliko

Si kila anayepanda ngazi na nyundo anabadilisha paa. Tuzitenganishe kazi hizi katika mafungu matatu, ili mtu ajue anasimama wapi.

Fungu la kwanza ni matengenezo madogo: kubadili bati chache zilizotoboka, kuziba matundu ya misumari, kurudisha kofia iliyong'olewa na upepo, kufunga gata jipya. Umbo la nyumba, urefu wake na uzito wa paa havibadiliki.

Fungu la pili ni kuezeka upya: bati zote zinashuka, pengine na mbao zilizooza, nalo paa linarudi katika umbo lile lile na kwa kifaa cha uzito ule ule. Kazi hii ni ukarabati, na watu wengi hudhani kwamba haimhusu mtu mwingine. Msidhani. Nendeni mkaulize kibali cha ukarabati kabla ya kung'oa bati la kwanza.

Fungu la tatu ni kubadilisha paa: kutoka bati kwenda vigae, kutoka paa la migongo miwili kwenda la migongo minne au la kuficha, kupandisha kuta, kuongeza baraza, au kutengeneza chumba ndani ya paa. Hapa hakuna mjadala. Ni badiliko la jengo, nalo linadai michoro na kibali.

Asiyejua kazi yake iko katika fungu lipi asijihukumie mwenyewe, wala asimwachie fundi ahukumu. Apige picha za paa la sasa, ndani na nje, aandike kwa sentensi chache anachotaka kufanya, kisha aende ofisi ya Mtendaji wa Mtaa au ya Kata, na kutoka huko kwa wataalamu wa mipango miji na ujenzi wa Jiji. Akijibiwa kwamba kazi yake haihitaji kibali, aombe jibu hilo kwa maandishi. Karatasi hiyo moja itamwokoa siku mkaguzi mwingine atakapopita na kuuliza.

Swali la kwanza ni la umiliki

Watu hujiandaa kuulizwa juu ya mbao na bati. Lakini swali la kwanza katika maombi yoyote ya kibali ni hili: nyumba hii ni ya nani? Maombi huambatanishwa na hati miliki, au barua ya toleo, au uthibitisho mwingine unaokubalika kisheria, pamoja na hati za mauziano au makabidhiano ikiwa nyumba imepita katika mikono zaidi ya mmoja. Huulizwa pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa.

Katika mtaa wa zamani kama huu, hapo ndipo wengi hukwama. Nyumba ilijengwa na babu. Babu amefariki, baba naye amefariki, na hati, kama ipo, bado ina jina la babu. Watoto na wajukuu wanaishi ndani, wengine wako Moshi, Dar es Salaam au ng'ambo. Mmoja wao anapata fedha na kwa nia njema anaamua kuezeka upya. Kwa macho ya sheria, huyo si mmiliki, ni mmoja wa warithi. Hawezi kuomba kibali kwa jina la marehemu, na akiomba kwa jina lake nyaraka hazitamtambua.

Njia ya halali ipo, nayo huanzia kwenye kikao cha ukoo, si dirishani pa Halmashauri. Familia ikae na imteue msimamizi wa mirathi. Muhtasari uandikwe, upelekwe Mahakama ya Mwanzo au mahakama nyingine yenye mamlaka, na mahakama imthibitishe msimamizi. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya ofisi ya ardhi na ya ujenzi kwa niaba ya warithi wote. Jambo hili huchukua muda. Kwa hiyo familia inayotaka kuezeka kiangazi kijacho, na ilianze sasa.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya kilicho nyuma yake. Anayeezeka nyumba ya urithi bila makubaliano hujikuta amezika fedha zake katika mali ya watu kumi. Miaka ikipita na nyumba ikagawanywa au kuuzwa, wapo watakaokumbuka mchango wake na wapo watakaousahau. Basi katika muhtasari ule ule wa kikao, iandikwe nani ametoa kiasi gani na kwa makubaliano gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kiwanja kilipo

Swali la pili ni mahali nyumba ilipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba nyingi za zamani karibu na mito ya mji huu zilitangulia sheria hiyo. Mwenye nyumba kama hiyo asidhani kwamba kukaa kwake muda mrefu kumekwisha kuliondoa swali. Maombi ya kibali ndiyo yatakayolifufua. Ni heri alifufue mwenyewe kwa barua, kabla ya kununua msumari mmoja, kuliko kulifufua kwa mamilioni yaliyokwisha kupanda juu ya kenchi. Tahadhari hiyo hiyo inazihusu nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara.

Kisha kuna mpaka wa jirani. Umbali kati ya jengo na mpaka wa kiwanja hupimwa, na ukingo wa paa ukining'inia juu ya uwanja wa mwenzako umekwisha kuvuka mpaka hata kama ukuta wako haujavuka. Mwite jirani, mwonyeshe mchoro, mkubaliane maji yatashukia wapi. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa makubaliano hayo huandikwa kwa ukurasa mmoja tu.

Safari ya maombi

Mkishamaliza maswali hayo mawili, safari yenyewe si ngumu. Kwanza, tafuteni mchoraji mwenye sifa. Wasanifu majengo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, nao wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mnayo haki ya kumwomba mtu namba yake ya usajili na kuihakiki. Anayekataa kuitoa amekwisha kujibu.

Pili, mchoro uonyeshe nyumba ilivyo na itakavyokuwa: ramani ya vyumba, mkato wa jengo, sura yake kwa nje, mpangilio wa paa na kenchi, umbali kutoka mipaka ya kiwanja, na njia ya maji ya mvua. Uwe na jina la mmiliki, namba na mahali pa kiwanja, jina na anwani ya mchoraji, na matumizi ya jengo. Iwapo uzito unaongezeka, mwombeni mhandisi azikague kuta na msingi, na aandike maoni yake.

Tatu, jazeni fomu na muwasilishe maombi pamoja na viambatisho. Maombi ya huduma nyingi za halmashauri siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa TAUSI, ulio chini ya TAMISEMI. Asiye na simu ya kisasa au asiyezoea mifumo hiyo asimkabidhi kijana wa mtaani nywila na nyaraka zake zote. Aende ofisini aombe kuelekezwa.

Nne, ulizeni siku ya kupata jibu. Kila halmashauri hupaswa kuwa na Mkataba wa Huduma kwa Mteja, unaotaja huduma na muda wake. Ombeni kuusoma. Maombi yakirudishwa kwa marekebisho, hilo si tusi. Takeni sababu kwa maandishi, mpelekeeni mchoraji, azirekebishe kwa gharama mliyokwisha kukubaliana naye.

Tano, kibali kikitoka, kisomeni chote, hasa masharti na muda wa uhai wake. Kibali kilichopitwa na muda ni karatasi tu. Nakala yake na mchoro uliogongwa mhuri vikae mahali pa kazi kila siku ya ujenzi, kwani mkaguzi ana haki ya kuviona.

Fedha na njia yake

Ada ya kibali hupangwa kwa taratibu za Halmashauri, na kiasi chake hutegemea kazi yenyewe. Hatutataja kiwango hapa, kwa sababu viwango hubadilika na kijitabu hiki kitasomwa miaka kadhaa. Lakini njia ya malipo tunaitaja, nayo ni moja. Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kupitia benki au simu, nayo stakabadhi hubeba jina lako na sababu ya malipo. Fedha taslimu mkononi mwa mtumishi si malipo. Fedha zilizotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi si malipo. Mtu akikwambia kwamba faili lako litatembea haraka ukimpa chochote, hakuharakishii kazi. Anakuuzia haki yako mwenyewe. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa simu namba 113.

Bati, mbao na fundi

Sasa tunafika kwenye ununuzi, ambako mlaji hudanganyika kwa urahisi kuliko popote. Unene wa bati huhesabiwa kwa geji, na hesabu yake iko kinyume na mazoea: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, nayo geji 30 ni nene kuliko geji 32. Bati linalonadiwa kwa geji 30 huku ni jembamba zaidi litafanana na jenzake dukani. Tofauti huonekana baada ya misimu michache, mikunjo inapoanza kushika kutu. Tafuteni nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Ombeni geji iandikwe ndani ya risiti, na risiti iwe ya mashine ya EFD. Maneno "bati pisi 60" hayatoshi. Iandikwe aina, geji, urefu na rangi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora na sifa za bidhaa. Mwenye malalamiko na apeleke risiti pamoja na kipande cha bati kwa Tume ya Ushindani au kwa Shirika la Viwango. Asiye na risiti ana hadithi tu.

Mbao ziwe zimekauka na kutiwa dawa. Mbao mbichi zikipigwa misumari leo hujipinda zikikauka, nazo huvuta bati na kupanua matundu. Mbao za zamani zilizo nzima zinaweza kutumika tena, ila zikaguliwe moja moja kwa kutobolewa kidogo na kisu, kwa kuwa mchwa hula ndani na kuacha ngozi.

Kwa fundi, andikeni mkataba, hata ukiwa wa ukurasa mmoja. Utaje kazi kwa kufuata mchoro uliopitishwa, bei, siku ya kuanza na kumaliza, nani ananunua vifaa, na nani anabeba hasara mvua ikinyesha nyumba ikiwa wazi. Malipo yagawanywe kwa hatua, na fungu la mwisho lisitolewe mpaka mvua ya kwanza iwe imelijaribu paa. Fundi mwaminifu hataogopa sharti hilo. Nanyi mlindeni fundi. Ngazi iwe imara, kamba ya usalama iwepo, na umeme ukatwe. Waya wa TANESCO ukiwa umefungwa kwenye paa, usiguswe na mtu yeyote mpaka wahusika wenyewe waje kuuhamisha.

Tahadhari ya asbesto

Baadhi ya majengo ya zamani katika miji yetu yaliezekwa kwa shiti za saruji iliyochanganywa na asbesto: nene, za kijivu, zenye mawimbi makubwa, nazo hazilii kama bati ukizigonga. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Madhara hutokana na nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo huruka pale shiti zinapovunjwa, kukatwa au kutupwa kutoka juu. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi, na wakati huo hakuna atakayekumbuka siku ile ya vumbi.

Mwenye paa la namna hiyo asiligonge nyundo, wala asizigawe shiti kwa majirani ziwe sakafu ya banda la kuku. Alitaje paa hilo katika maombi yake ya kibali, na aulize Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, jinsi ya kuliondoa na mahali pa kupeleka taka zake. Hapa kibali hakilindi ukuta. Kinalinda mapafu ya watoto wanaocheza uani.

Wapangaji

Nyumba nyingi za Ngarenaro zina familia zaidi ya moja, kila moja na chumba chake kando ya ukumbi. Mwenye nyumba anapoezeka upya, wapangaji hulala chini ya anga. Wapeni taarifa mapema kwa maandishi. Kubalianeni juu ya kodi ya siku ambazo chumba hakikaliki, na mahali pa kuhifadhi mali zao. Mpangaji naye asidai yasiyowezekana. Paa jipya ni faida yake pia, lakini asikubali kupandishiwa kodi katikati ya mkataba kwa kisingizio cha bati jipya.

Ikiwa kazi imekwisha kuanza

Huenda wapo kati yenu ambao paa limekwisha kushuka na kibali hakijaombwa. Ushauri wetu ni mfupi. Funikeni nyumba kwa turubai, simamisheni kazi, nendeni ofisini wenyewe kabla ya kuitwa. Ikiwa ilani imekwisha kuletwa au alama ya X imekwisha kupigwa ukutani, msiifute na wala msifanye kazi usiku. Isomeni ilani: imetolewa na nani, chini ya sheria ipi, inataka nini, na katika siku ngapi. Jibuni kwa maandishi ndani ya siku hizo, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Anayejitokeza na kuomba kurekebisha husikilizwa tofauti na anayekutwa akijificha.

Mpangilio wa mwaka

Tunamalizia kwa kalenda, kwa kuwa mambo yote tuliyoyasema hutegemea wakati. Masika ya Arusha huanza Machi na kuisha Mei. Vuli huanza kwenye Oktoba au Novemba. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho kinachofaa kufumua paa. Kwa hiyo nyaraka za umiliki na kikao cha familia vifanyike kabla ya mwaka kuisha. Mchoro ukamilike mwanzoni mwa mwaka. Maombi yawasilishwe mvua zikiwa bado zinanyesha, ili kibali kiwe mkononi udongo unapokauka. Vifaa vinunuliwe baada ya kibali, wala si kabla, kwa sababu mchoro ukirekebishwa na idadi ya bati hubadilika, na muuzaji halazimiki kurudisha ulichozidisha.

Na mkishaezeka, wekeni gata na tangi. Maji ya ardhini katika miteremko ya Meru yana madini ya floridi kwa wingi, na madoa kwenye meno ya watoto wetu ni ushahidi tosha. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, alimradi paa na tangi viwe safi. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2, basi likae juu ya msingi wake lenyewe, lisiegemezwe ukutani.

Ofisi ya mtaa wenu iko wazi siku za kazi, na kuuliza hakulipiwi. Atakayetoka hapa leo, kwanza afungue sanduku na kuangalia hati ya nyumba ina jina la nani. Maswali tunayapokea sasa.